Vijana wa programu waandike kipeuo cha pili wenyewe kabla ya kuita sqrt

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu vijana wetu wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Sasa hivi madarasa ya koding yamejaa mijini, ya likizo, ya jioni, ya Jumamosi, na hilo ni jambo jema kabisa, mimi mwenyewe nafundisha vijana wa sekondari jioni hapa Morogoro kwa hiyo nawaona kwa karibu. Ninachoomba ni kwamba kabla kijana hajaanza kuita sqrt, ile amri iliyotengenezwa tayari ya kutafuta kipeuo cha pili, kwenye Python au lugha nyingine yoyote ya programu, apewe kwanza kazi ya kuandika programu yake mwenyewe ya kutafuta kipeuo cha pili, tena kwa ile njia ya daftari, ya kupanga namba jozi jozi, kushusha na kutoa, tarakimu moja baada ya nyingine mpaka pale anapotaka kuishia. Nasema hivi kwa sababu sijaona zoezi jingine dogo kiasi hicho, mistari kumi na kitu tu ya programu, linalomwonyesha mtu kwa mpigo mmoja hesabu inatoka wapi, kompyuta inakosea wapi na unajuaje kwamba jibu ulilopata ni sahihi.

Wapo wasomaji ambao njia hii wameisahau na wapo ambao hawakuwahi kuiona kabisa, maana walipofika sekondari walikuta kitabu cha majedwali au kalkuleta, na shule ya msingi walifundishwa ile ya vigawo tasa peke yake, ambayo ni nzuri kwa namba kama 144 au 1,764 lakini ukipewa 1,300 inakuacha njiani. Kwa hiyo ngoja niieleze, na mfano nachukua wa kiwanja. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, hivi vipo vingi mitaani kwetu, fundi akitaka kujua kama kamba zake ziko skwea anapima kona kwa kona, na kipimo hicho kinatakiwa kiwe kipeuo cha pili cha 20 mara 20 jumlisha 30 mara 30, yaani cha 1,300. Unaanzia kwenye nukta unapanga jozi kwenda kushoto, 00 halafu 13, na upande wa kulia wa nukta unaweka 00 00 00 kadiri unavyotaka. Jozi ya kwanza ya kushughulika nayo ni 13, namba kubwa ambayo ikijizidisha haizidi 13 ni 3, unaiandika juu, 9 unaitoa kwenye 13 inabaki 4. Unashusha 00 inakuwa 400. Sasa lile jibu ulilonalo, 3, unalizidisha kwa mbili unapata 6, halafu unatafuta tarakimu ya kubandika kulia kwa hiyo 6 na kuzidisha kwa tarakimu hiyo hiyo bila kupita 400. 66 mara 6 ni 396, 67 mara 7 ni 469 imezidi, basi ni 6, baki 4. Tayari tuna 36 na nukta inaingia hapo. Unashusha 00 tena, 400, mara mbili ya 36 ni 72, na hapa ndipo wengi wanapopotea kwa sababu 721 mara 1 tayari imeshapita 400, kwa hiyo tarakimu ni 0, unaiandika hiyo 0 na unashusha jozi nyingine bila wasiwasi, inakuwa 40,000. Mara mbili ya 360 ni 720, 7,205 mara 5 ni 36,025, baki 3,975. Mpaka hapo una mita 36.05, na ukiendelea zinakuja 5, 5, 1, 2, yaani 36.055512, na hazitaisha kamwe.

Shida ni kwamba kwenye daftari mwanafunzi anaweza kuikariri yote hiyo, akapata vema, na asijue hata kidogo kwa nini anazidisha kwa mbili. Ukimwambia aiweke kwenye programu ndipo swali linapokuja lenyewe, maana sasa lazima aseme ni namba gani inazidishwa na nini, haiwezekani tena kusema tu "unaacha nafasi pale kulia". Na maelezo yake ni mafupi mno. Jibu ulilonalo liite a, tarakimu mpya iite d, basi jibu jipya ni 10a + d. Likijizidisha linatoa 100a² + 20ad + d². Ile 100a² ulishaitoa kwenye hatua zilizopita, kwa hiyo kilichobaki cha kutoa ni 20ad + d², ambayo ndiyo (20a + d) × d. Imeisha. Mbili inatoka kwenye kufungua mabano, na ile sifuri ya kwenye 20 ndiyo nafasi unayoacha kwa ajili ya tarakimu mpya. Vijana wa sekondari wanafungua mabano ya aina hii kwenye mazoezi kila wiki na hawaambiwi kazi yake ni ipi nje ya mtihani, sasa kazi yake ni hii, na ni kazi ya maana.

Programu yenyewe inakumbuka namba mbili tu, tuziite jibu na baki, zote zinaanza na 0. Kwa kila jozi unasema baki = baki × 100 + jozi, halafu unajaribu d kuanzia 9 kushuka chini mpaka (20 × jibu + d) × d isizidi baki, ukiipata unaitoa kwenye baki, halafu jibu = jibu × 10 + d, unarudi juu kuchukua jozi inayofuata. Angalieni kwamba ile hatua ya kwanza ambayo kwenye daftari inaonekana iko peke yake, ya kutafuta namba inayojizidisha, kwenye programu haina sheria yake ya pekee, kwa sababu jibu likiwa 0 ile fomula inabaki d × d yenyewe. Na ile sifuri iliyokuwa inawapoteza watu kwenye 1,300 nayo haihitaji mstari wake, d inashuka 9, 8, 7 mpaka 0, sifuri haizidi chochote, inapokelewa, lupu, yaani ule mzunguko wa hatua zinazorudiwa, inaendelea. Hapo mimi ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote, kijana anaona kwamba akipata sheria moja iliyo sahihi zile "ila ikiwa hivi" na "isipokuwa vile" zinadondoka zenyewe, na mtu aliyeliona hilo hata mara moja anaandika programu tofauti maisha yake yote.

Sehemu ngumu kweli, na ambayo wengi wanaidharau, ni kupanga hizo jozi. Namba inaingia kama maandishi, inaweza kuwa 130, inaweza kuwa 2.5, inaweza kuwa 0.0009, na programu lazima itafute nukta iko wapi ndiyo ianze kupanga kutoka hapo kwenda pande zote mbili. Ukianzia kushoto bila kujali, 130 inakuwa 13 na 0, na unaletewa jibu la namba nyingine kabisa, maana kipeuo cha 13 kinaanza 3.605 na cha 130 kinaanza 11.401, havina undugu wowote kwa kuviangalia. Na 2.5 ukiisoma kama 25 unaletewa 5 wakati jibu ni 1.581. Inabidi 130 uiandike 01 30, na 2.5 uiandike 02 halafu nukta halafu 50. Sifuri moja mbele, sifuri moja nyuma, na bila hizo hakuna kitu. Mtu atasema haya ni mambo ya maandishi sio ya hesabu, ni kweli, lakini ndiyo kazi atakayoikuta kijana siku akiajiriwa, namba za simu zilizoandikwa na 0 mbele na nyingine na 255, tarehe zilizogeuzwa, kiasi cha hela chenye mikato na kingine hakina, zote anatakiwa azipange kabla hajagusa hesabu yoyote.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi nakiona ndicho kikubwa zaidi, nacho ni kujikagua. Kwenye njia hii kila hatua ina ushahidi wake. Chukua jibu ulilofikia, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha na baki, lazima upate namba yote uliyokwisha kuishusha. 36 mara 36 ni 1,296, ongeza 4 unapata 1,300. 360 mara 360 ni 129,600, ongeza 400 unapata 130,000. 3,605 mara 3,605 ni 12,996,025, ongeza 3,975 unapata 13,000,000 kamili. Tena baki haliwezi hata siku moja kuzidi mara mbili ya jibu, likizidi maana yake tarakimu uliyochagua ilikuwa ndogo. Hivi ni vitu viwili vya kuandika ndani ya lupu, kwamba kama hesabu haifungi programu isimame na ipige kelele. Kijana akiwa na hiyo hahitaji kusubiri mwalimu aje na alama ya vema, na hahitaji kulinganisha na simu ya mwenzake.

Na hilo baki lina faida nyingine ambayo sijaiona ikifundishwa. Tuseme unataka jibu kwa desimali tatu, 36.055 au 36.056? Kawaida watu wanatafuta tarakimu moja zaidi waone kama inafika 5. Hakuna haja. Ukishashusha jozi zote zenye tarakimu za namba yako, angalia baki tu, likiwa kubwa kuliko jibu unapanda juu, likiwa dogo au sawa unabaki hapo hapo. Kwenye 36055 baki ni 36,975, ni kubwa kuliko 36,055, basi unapanda, 36.056. Kwenye 36 baki ni 4, ni dogo kuliko 36, unabaki 36. Sababu yake ni kwamba nusu ya njia kati ya a na a + 1 ikijizidisha inatoa a² + a + robo, na kwa kuwa baki ni namba nzima ile robo haiwezi kamwe kufikiwa sawasawa, kwa hiyo hakuna kugombana kwamba imeangukia katikati. Mwambie kijana athibitishe hilo mwenyewe kwa karatasi halafu aliweke kwenye programu, utaona namna anavyoanza kuiamini algebra.

Nawajua watakaosema sqrt ipo, imeshaandikwa na watu wenye akili zao, ina kasi kuliko chochote kijana atakachoandika, kwa nini tupoteze muda. Kuhusu kasi wako sahihi kabisa na mimi kwenye kazi za kila siku naitumia hiyo hiyo, sishauri mtu atengeneze mfumo wa hela au wa ramani halafu ndani aweke lupu ya kushusha jozi. Lakini ule usemi kwamba sqrt inatosha kwa kila kitu sio kweli, na ushahidi mtu anaupata kwenye simu yake sasa hivi. Fungua Python, tafuta kipeuo cha 2, inakupa 1.4142135623730951, halafu kizidishe kwa chenyewe, inakuletea 2.0000000000000004. Haijaharibika, ndivyo ilivyo, kwa sababu namba za desimali kwenye kompyuta nyingi zinakaa kwenye biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, na usahihi wa tarakimu zenyewe ni wa biti 53 tu, sawa na tarakimu 15 au 16 za kwetu, zaidi ya hapo zinakatwa. Sasa chukua namba 9999999999999999, tisa kumi na sita. Kipeuo chake hakifiki 100,000,000 maana hiyo ikijizidisha inatoa 1 yenye sifuri kumi na sita, imezidi kwa moja. Lakini ukiiuliza math.sqrt, ndiyo hiyo sqrt ya Python, inakujibu 100000000.0 bila wasiwasi wowote, na ukiiuliza kama hiyo ni namba nzima inakuambia ndiyo, kwa hiyo programu yako itatangaza kwamba 9999999999999999 ni mraba kamili wakati sio. Wenye Python wenyewe waliliona tatizo hili wakaongeza isqrt kwenye toleo la 3.8 mwaka 2019, ambayo inafanya kazi na namba nzima tupu. Ile lupu ya daftari nayo inafanya kazi na namba nzima tupu, na kwa kuwa Python haina kikomo cha ukubwa wa namba nzima isipokuwa kumbukumbu ya mashine, kijana wa kidato cha kwanza mwenye simu ya bei ya chini anaweza kuipa 2 na jozi hamsini za sifuri ikamwandikia 1.41421356237309504880168872420969807856967187537694, kila tarakimu ikiwa ya kweli, na hata intaneti hahitaji. Kalkuleta yake haiwezi kumpa hiyo.

Kukagua sio tabia ya wanafunzi peke yao. Mwaka 1994 profesa mmoja wa hesabu wa Marekani, Thomas Nicely, alikuwa anafanya hesabu zake za namba tasa zilizo jirani jirani, kama 11 na 13, akaona majibu hayaoani, akafuatilia mpaka akagundua chipu ya Pentium ya Intel inagawanya vibaya. Ukigawa 4195835 kwa 3145727 jibu ni 1.33382 lakini ile chipu ilikuwa inatoa 1.33374. Chipu ilikuwa inagawanya kwa kutafuta tarakimu moja moja, ndugu wa karibu wa hii njia yetu, na jedwali lake la ndani la kuchagulia tarakimu lilikuwa limekosa baadhi ya nafasi. Kampuni ilitenga dola milioni 475 kubadilisha chipu hizo. Nicely hakuwa na vifaa vya ajabu, alikuwa na mazoea ya kuhesabu kitu kimoja kwa njia mbili na kukataa kuendelea mpaka zikubaliane.

Njia ya pili ya kulinganisha ipo na haina gharama. Watu wengi wanaijua kwa jina la Newton ila ni ya zamani kuliko yeye kwa mbali sana, Heron wa Alexandria kule Misri aliieleza karne ya 1, na mfano wake ulikuwa 720. Unakisia 27, unagawa 720 kwa 27 unapata 26 na theluthi mbili, unajumlisha na 27 unagawa kwa mbili, unapata 26 na tano juu ya sita, ambayo ikijizidisha inatoa 720 na moja juu ya 36, na ukitaka kukaribia zaidi unarudia. Kwenye kiwanja chetu ukianza na 36 mzunguko wa kwanza unakupa 36.05556, wa pili unakupa 36.0555127546 zote kumi za baada ya nukta zikiwa sahihi, wakati njia ya jozi kufika hapo imekwenda hatua kumi na mbili. Kwa hiyo kwa kasi Heron anashinda na akishakaribia kila mzunguko karibu unazidisha mara mbili idadi ya tarakimu sahihi. Bado mimi naanza na ya jozi, kwa sababu ya Heron inakupa namba inayokaribia tu, huwezi kujua kwa kuiangalia ni tarakimu ipi imeshatulia na ipi bado inacheza, na kijana anaishia kuweka sharti la kusimama alilokopi mahali, 0.0001 au 0.00001, hajui limetoka wapi. Kwenye ya jozi tarakimu ikishaandikwa haifutwi tena. Aandike ya jozi kwanza, ya Heron baadaye, halafu azigonganishe kwenye namba elfu nzima aone kama zinatofautiana popote.

Tena watu wasifikiri haya yametoka Ulaya. Kipande cha udongo cha Babeli, Iraq ya leo, kilichoandikwa kati ya miaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo, sasa kipo Chuo Kikuu cha Yale kwa namba YBC 7289, kimechorwa mraba na kipimo chake cha kona kwa kona, na kipeuo cha 2 kimeandikwa kwa namba za sitini sitini ambazo kwa desimali zetu ni 1.414213, kosa lake halifiki hata sehemu moja ya milioni. Na njia ya tarakimu kwa tarakimu, ya kugawa kwa mara mbili ya jibu, Aryabhata aliiandika India mwaka 499. Ni swali lile lile la fundi wa kiwanja, kona kwa kona ni ngapi.

Kwa vijana wanaochezea vifaa, hawa wa Arduino, vile vibao vidogo vya kompyuta, na mashine ndogo ndogo za kumwagilia na kupimia, kuna sababu nyingine ya kuijua njia hii, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Arduino Uno ya toleo la R3 ina chipu ya biti 8, kasi ya megahezi 16, kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2, na haina amri ya kugawanya kabisa ndani yake wala sehemu ya kushughulikia desimali, ukiandika alama ya kugawanya inaendesha lupu ndefu ya kutoa na kusogeza. Sasa ichukue ile njia ya jozi uipeleke kwenye namba za 0 na 1. Tarakimu mpya haiwezi kuwa 9 wala 7, ni 0 au 1 tu, kwa hiyo hakuna kujaribu jaribu, unauliza swali moja: je, 4 × jibu + 1 inaingia kwenye baki? Ikiingia itoe na uandike 1, isipoingia andika 0. Na kuzidisha kwa 4 kwenye biti ni kusogeza nafasi mbili, sio kuzidisha. Chukua 25, kwa biti ni 01 10 01. Jozi ya kwanza 1, inaingia 1, baki 0. Shusha 10, baki 2, unajaribu 5, haiingii, andika 0, jibu sasa ni 10 yaani 2. Shusha 01, baki linakuwa 9, unajaribu 4 × 2 + 1 ambayo ni 9, inaingia sawasawa, andika 1, jibu 101 yaani 5, baki 0. Hakuna kuzidisha kokote, hakuna kugawanya kokote, kulinganisha na kutoa na kusogeza tu, na namba ya biti 32 inaisha kwa hatua 16. Chipu nyingi za kompyuta kubwa nazo zinatafuta kipeuo kwa njia za ukoo huu huu, na lile baki la mwisho ndilo linalosaidia kukadiria jibu kwa usahihi kama IEEE 754, kanuni ya mwaka 1985 ya namba za desimali kwenye kompyuta, inavyotaka. Kwa hiyo anayedhani njia ya daftari imepitwa na wakati, hajafungua chipu akaona kilichomo.

Ombi langu basi ni kwa wanaoendesha haya madarasa na walimu wa sekondari wanaoanza somo la kompyuta. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa kompyuta wakae meza moja kwa hili, mmoja aeleze 20a + d inatoka wapi, mwingine aeleze lupu, vijana waandike kwa karatasi kwanza halafu kwenye mashine, na kama mashine ni chache, ambayo ndiyo hali ya shule nyingi, wapokezane maana programu yenyewe ni fupi. Kwenye mtihani wa vitendo wasiulizwe tu "programu imetoa ngapi", waulizwe wamejuaje kwamba ni sahihi. Na ninyi Mhariri, mna ukurasa wa elimu, mkiweza kuchapa hatua hizi pamoja na mfano mmoja tu uliofanywa mpaka mwisho, kuna mtoto mahali hana darasa la koding wala mwalimu ila anapata gazeti la jirani na simu ya mama yake, huyo anatosha kufaidika.

Kwa atakayeijaribu, programu yake aipe 1,300 aone 36.0555, aipe 130 aone 11.4017, aipe 2.5 aone 1.5811, aipe 0.0009 ambayo lazima itoe 0.03 kamili na baki 0, halafu mwisho aipe zile tisa kumi na sita bila desimali. Jibu lake ni 99999999 na baki ni 199999998, ikitoa 100000000 basi kuna mahali ndani ya programu bado kunatumika desimali, atafute mpaka apaone.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa jioni, Morogoro